Mkongwe Anapata Nini? Mgeni na Mwenyeji wa Kazi, Kitale na Bungoma

Mfanyakazi mpya anaporipoti kazini Kitale au Bungoma, iwe ni hospitalini, shuleni au katika ofisi ya kaunti, aghalabu huelekezwa kwa mtu mmoja aliyekaa pale miaka mingi na kuambiwa: fuatana na huyu. Wapo wanaoamini utaratibu huo uliletwa na warsha za wataalamu wa rasilimali watu kutoka Nairobi. Wengine, na sauti yao inazidi kusikika, huupeleka nyuma kabisa hadi kwenye jando, wakisema wazee wetu walijua tangu zamani kwamba anayeingia mahali papya hawezi kuingia peke yake. Pande zote mbili zinaruka takriban karne moja ya kazi ya mshahara kati ya Mto Nzoia na Mlima Elgon, na humo ndimo ushahidi ulimo. Ukiufuata, utaona kwamba mkongwe na mgeni waliwekwa pamoja mara nyingi, kwa majina tofauti na kwa nia tofauti, na kwamba matokeo hayakutegemea sana ufasaha wa agizo. Yalitegemea jambo moja ambalo waajiri hawapendi kuliuliza: mgeni akishaijua kazi, mkongwe atapata nini au atapoteza nini?

Jando linastahili jibu kwanza. Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika kila mwaka unaogawika kwa mbili, na waliotahiriwa pamoja huitana bakoki hadi uzeeni. Huo ni undugu wa rika, watu waliopita mlango mmoja kwa wakati mmoja. Hauwafungamanishi mjuzi na asiyejua. Mtahiri mwenyewe, omukhebi, ana wajibu mzito kwa kijana aliyemtahiri, lakini wajibu huo haumfanyi kijana kuwa mtahiri. Ufundi wa kisu hupita ndani ya koo, kwa watu wa nyumba moja, ambako anayefundishwa hawezi kuwa mshindani wa anayemfundisha kwa kuwa sifa ya mmoja ni sifa ya wote wawili. Kwa hiyo jando linatufundisha kitu, ila si kile kinachosemwa kwa kawaida. Linaonyesha kwamba hata katika mila ujuzi wenye thamani haukumwagwa kwa kila mgeni. Ulipewa yule ambaye kufuzu kwake hakungemdhuru mwalimu wake.

Kazi ya mshahara ilivunja mpango huo wa nyumba. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wakiwemo wanajeshi waliostaafu, na mwaka 1926 tawi la reli kutoka Leseru likafika Kitale. Wafanyakazi walitoka pande nyingi, na wengi walikuwa Wabukusu waliovuka kutoka upande unaoitwa leo Bungoma. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka aliyeruhusiwa kuishi na kulima kwenye shamba la mlowezi amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na kipande kilichobebwa ndani ya kikebe cha chuma shingoni kilionyesha ametoka kwa nani na kama aliachiliwa. Mgeni alipofika shambani alikabidhiwa kwa mnyapara. Mnyapara ndiye aliyempimia kazi ya siku na kumwonyesha mipaka. Alikuwa mkongwe, na kwa maana fulani alikuwa mwenyeji wa mgeni, lakini cheo chake kilitegemea kuwa macho ya bwana shamba. Kila alichokijua kuhusu mgeni kilikuwa na bei kwa bwana. Alichomfundisha mgeni hakikuwa na bei kwa yeyote. Basi alichunga zaidi ya alivyofundisha, na sioni sababu ya kumlaumu kama mtu binafsi.

Hata hivyo kwenye mashamba hayohayo kulikuwa na kazi iliyofundisha vizuri bila kuamriwa, nayo ni kulima kwa maksai. Mshika plau nyuma hawezi kunyoosha mfuo ikiwa mvulana aliye mbele ya ng'ombe hajui kugeuza wala kutuliza jozi. Uzembe wa mgeni ulimchosha mkongwe papo hapo, na umahiri wake ulimpumzisha papo hapo. Kati ya vita viwili vya dunia plau zilienea Kimilili na Malakisi kwa wingi uliozidi sehemu nyingine za wilaya ya kikoloni ya Kavirondo Kaskazini, na waliozitumia hawakuwa wamepita vyuoni. Walikuwa na ardhi ya kutosha, walikuwa na ng'ombe, na baadhi yao walikuwa wametembea mbele ya maksai wa watu wengine.

Mfano ulio bora zaidi unatoka Kitale kwenyewe, katika kituo cha utafiti wa mahindi. Mwaka 1955 Michael Harrison alianza kazi ya kuzalisha mbegu bora pale, na mwaka 1956 wakulima wa eneo hilo wakaunda Kenya Seed Company, ambayo mwanzoni ilishughulikia mbegu za nyasi za malisho. Mbegu iitwayo Kitale Synthetic II ilitoka 1961. Ilipochanganywa na Ecuador 573, aina iliyoletwa kutoka Amerika Kusini, ikazaa H611, chotara iliyotolewa 1964. Tarehe hizi zinajulikana na hutajwa mara kwa mara. Lisilotajwa ni jinsi kazi yenyewe inavyomlazimisha mtu kuwa na mwenzake. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi sita hadi minane, kwa hiyo mtafiti hupata msimu mmoja tu kwa mwaka. Katika msimu huo ana siku chache za kufunika mbelewele na vigunzi kwa mifuko ya karatasi, kuchavusha kwa mkono na kuandika daftarini ni mmea upi umekutana na upi. Uteuzi wa maana huchukua mizunguko mingi. Mtaalamu mwenye mkataba wa miaka mitatu au minne anajua tangu siku ya kwanza kwamba ataondoka kabla mzunguko wake haujakamilika. Asipomwachia mtu anayeelewa kwa nini mstari huu ulihifadhiwa na ule ukatupwa, daftari zake zitabaki namba tupu na jasho lake litapotea. Hapa mkongwe, yaani mtaalamu, alimhitaji mgeni kuliko mgeni alivyomhitaji mkongwe.

Ndiyo maana naipa uzito makala ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 1967 katika jarida la Kijerumani Der Züchter kuhusu mfumo kamili wa kuzalisha mbegu, ambayo ina majina matatu: Eberhart, mtaalamu wa jenetiki kutoka Marekani, Harrison, na Ogada. Festus Ogada, Mkenya, baadaye alikuwa miongoni mwa walioshika usukani wa utafiti wa mahindi Kitale. Miaka minne baada ya uhuru, jina la Mkenya lilisimama kwenye kazi hiyohiyo pamoja na la waliomtangulia, wala hakutajwa kama msaidizi mwishoni mwa shukrani. Matokeo yalifika mbali na kituo. John Gerhart alipochunguza kuenea kwa mahindi chotara magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa 1975, aligundua kwamba wakulima hapa waliyapokea kwa kasi iliyolingana na ile ya wakulima wa Iowa miongo mitatu iliyotangulia, au hata kuizidi. Mbegu nzuri ilichangia, na maduka madogo ya vijijini yaliyoiuza yalichangia. Lakini mbegu hiyo iliendelea kutoka, aina baada ya aina, kwa sababu ujuzi haukuondoka na ndege iliyowachukua wataalamu wa nje.

Linganisha hilo na viwanda. Mwaka 1967 serikali iliunda ofisi maalumu ya kusimamia kukabidhi Wakenya nafasi zilizoshikwa na watu wa nje, na kibali cha kazi cha mtaalamu wa nje kikaambatana na matarajio kwamba atamfunza Mkenya wa kumrithi. Kwa haki, sera hiyo ilikuwa ya lazima. Katika muundo wake, hata hivyo, ilimwambia mwalimu: siku mwanafunzi wako atakapofuzu, wewe funga mizigo. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilichojengwa Webuye kwa ushirikiano wa serikali na kampuni za Birla za India kilikua ndani ya mazingira hayo. Mtu aliyejua sauti ya mashine inapokaribia kuharibika alikuwa na kila sababu ya kufundisha hatua tisa na kubaki na ya kumi. Sidai kwamba hilo ndilo lililofunga kiwanda mwaka 2009. Madeni, bei ya umeme na uhaba wa malighafi vina kesi nzito zaidi. Lakini kilipopita mikononi mwa Rai Group mwaka 2016, miaka saba tangu kifungwe ilikuwa imewatawanya mafundi, na ujuzi ambao haukuwahi kupewa mtu wa pili hauandikwi kwenye orodha ya mali inayouzwa.

Mafundi wa jua kali wanaishi na tatizo hilohilo bila sera yoyote. Mwanagenzi wa karakana ya kuchomelea vyuma Bungoma hulipa ada au hulipa kwa nguvu zake, na fundi hunufaika naye kwa muda wote ambao hajafuzu. Akifuzu, hufungua karakana ng'ambo ya barabara. Wenye malori ya mahindi wana bahati zaidi: turniboi, yaani msaidizi wa dereva, aliyejifunza kuendesha humpunguzia dereva usiku wa kukesha.

Walimu ndio wanaonisikitisha. Karo ilipoondolewa kwa madarasa manne ya kwanza kuanzia 1974, wanafunzi wa msingi nchini waliruka kutoka takriban milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7 kwa mwaka mmoja, na shule zikajazwa walimu wasio na mafunzo ambao mwalimu pekee waliyekuwa naye ni jirani wa darasa la kando. Jirani huyo hakupunguziwa hata kipindi kimoja ili amwongoze mgeni. Mpango wa walimu wanagenzi ulioanzishwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu mwaka 2019 uliahidi malezi ya kazi, lakini wengi wa waliopelekwa sekondari za msingi walibeba masomo yote ya mwalimu kamili kwa shilingi 20,000 kabla ya makato. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilisema tume haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Mjadala ulihusu mishahara, na ilifaa uwe hivyo. Mimi naongeza kwamba hata kama mshahara ungetosha, uanagenzi usio na mkongwe aliyetengewa muda ni jina tu.

Nitaambiwa kwamba napunguza utu wa watu hadi kuwa hesabu ya faida. Kweli, kuna wakongwe wakarimu wanaofundisha hata pale panapowaumiza, na bila wao taasisi nyingi za hapa zingekuwa zimeanguka. Lakini taasisi haiwezi kujengwa juu ya matumaini kwamba kila mkongwe atakuwa mtakatifu. Pingamizi zito zaidi ni la ukabila: kama mtu hufundisha vizuri yule asiyeweza kumdhuru, basi Mbukusu atamfundisha Mbukusu, Msabaot atamfundisha Msabaot, na Kitale, mji wa watu wa kila upande, utagawanyika hadi kwenye madawati. Hatari hiyo ipo na nimeikiri nilipotaja koo za watahiri. Jibu lake ni kuumba maslahi ya pamoja ambayo hayatokani na damu. Pale kituo cha mahindi, Mwingereza, Mmarekani na Mkenya walifungamanishwa na msimu usiosubiri na jina lililochapishwa. Bungoma, shirika la One Acre Fund lilianza mwaka 2006 na familia 38 za wakulima, likakopesha mbegu na mbolea kwa vikundi ambamo deni la mmoja liliwahusu wenzake. Mkulima wa miaka mingi aliyemwacha jirani mpya apande kwa kukisia alikuwa anauacha mkopo wa kikundi chake ulegee. Mtu anaweza kuukosoa mkopo wa aina hiyo kwa shinikizo linalowapata walioshindwa kulipa, na ukosoaji huo una haki. Ila kwenye suala la nani amwonyeshe nani nafasi kati ya mbegu na mbegu, ulimpa mwenyeji sababu ya kutembea hadi shamba la mgeni kabla ya mvua.