Mwalimu Sikujua na Diwani ya Muyaka

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga kuhusu mapenzi, dhiki na vita vya mji wake chini ya watawala wa ukoo wa Mazrui, na kwa kuwa mashairi yake yalikaa zaidi vifuani mwa watu kuliko karatasini, kila mzee aliyezikwa aliondoka na sehemu yake. Yaliyosalia yametufikia kwa kiasi kikubwa kupitia Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, ambaye aliyakusanya na kuyaandika kwa khati ya Kiarabu, akishirikiana na mmishonari Mwingereza William Taylor.

Khati hiyo ina ugumu wake. Katika mtindo wa kale, herufi ba ilisimama mahali pa b, p na hata mb, na kasra, yaani alama ya irabu iwekwayo chini ya herufi, ilibeba i na e kwa pamoja. Hivyo neno moja lililoandikwa kwa ba na alifu laweza kusomwa baa, yaani balaa, au paa la nyumba, au paa wa porini, ambaye p yake Wamvita, yaani watu wa Mombasa, huitamka kwa pumzi. Aliyelisikia shairi likighaniwa hatatiziki, lakini aliyelikuta karatasini baada ya miaka 100 hana wa kumuuliza. Ndiyo maana ulimi wa Sikujua ulikuwa na thamani sawa na kalamu yake, kwani Taylor aliweza kuyahamishia maneno katika herufi za Kirumi akitenganisha hata t ya meno na t ya ufizi.

Pamoja na beti zilihifadhiwa tanbihi, yaani maelezo ya kisa kilicholizaa shairi, na bila hizo mafumbo mengi ya Muyaka, hasa ya majibizano, yangebaki mafumbo milele. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London, na mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani iliyotokana nazo.

Kwa hiyo wenye vyuo vya kale, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, ambavyo bado vimo masandukuni Lamu, Pate na Mombasa, na waandike leo, kwenye karatasi ya pembeni, jina la aliyenakili, la aliyerithi, na kisa wanachokijua.