Mlangilangi na Safari Zake

Sisi tukaao Mbulu na Hanang tumezoea miti ipandwayo kwa ajili ya kivuli, nguzo na kuni. Mti upandwao uani kwa sababu ya harufu ya maua yake ni jambo la watu wa pwani. Wala si ajabu, kwa kuwa mlangilangi hupenda joto na unyevu, nao haustawi katika baridi ya nchi yetu iliyoinuka zaidi ya mita 1,500. Lakini habari zake zafaa kujulikana hata huku bara, maana ndani yake imo historia ya bahari yetu ya mashariki.

Ua lake halina umbo la kusifiwa sana. Lina petali ndefu nyembamba, zilizojikunja na kuning'inia kama vitambaa vilivyochanika. Kwanza ni kijani, kisha hugeuka manjano, na hapo ndipo harufu yake hukomaa. Unguja na Pemba wanawake huyatia katika kikuba pamoja na asumini na mrehani, na kitanda cha bibi harusi hunyunyiziwa maua hayo.

Kwa desturi hizo mgeni hudhani kwamba mti huu ni wa pwani tangu kale. Jina lake lakanusha. Mrehani umekuja na jina la Kiarabu, na asumini jina lake asili yake ni Uajemi. Bali langilangi ni neno la Kitagalog, lugha ya Ufilipino, ambako mti huitwa ilang-ilang. Huko, na katika visiwa vya Wamalai, ndiko kwao.

Kuvuka kwake bahari kulifungamana na karafuu. Mwaka 1770 Kapteni d'Etchevery, Mfaransa, alirudi kutoka visiwa vya Maluku na miche ya karafuu, iliyochukuliwa kwa siri kwa kuwa Waholanzi walitaka biashara hiyo iwe yao peke yao. Yeye ndiye atajwaye kuuleta mlangilangi katika kisiwa cha Réunion. Karafuu zilifika Unguja baadaye kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, zikaitajirisha. Mlangilangi haukutajwa sana, maana ulikuwa pambo tu.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1860, mafuta yake yalipoanza kutolewa Manila kwa mvuke na kuuzwa Ulaya. Pambo likawa mali. Wafaransa wakaupanda kwa wingi Nosy Be na Komoro. Tena mwaka 1921 Ernest Beaux alipotengeneza manukato ya Chanel No. 5, langilangi ilikuwa miongoni mwa vitu alivyochanganya.

Hapa nataka msomaji atue kidogo Ngazija. Mwaka 1885 Sultani Said Ali alitia sahihi mkataba na Léon Humblot, Mfaransa aliyekuja kutafuta mimea na wanyama, akampa ruhusa ya kulima ardhi yoyote aitakayo, naye Sultani apate sehemu moja katika kumi ya faida. Mwaka uliofuata Wafaransa wakaifanya nchi kuwa chini ya himaya yao, na mwaka 1893 Sultani akahamishwa Réunion. Kampuni ya Humblot ikashika karibu nusu ya kisiwa. Wenyeji wakawa vibarua katika mashamba ya vanila, na baadaye ya miti ya manukato, juu ya ardhi ya babu zao. Kwa maoni yangu mkataba ule haukuwa biashara hata kidogo.

Hata mti wenyewe waonyesha tofauti. Uani Unguja huachwa upande juu, mita 15 na zaidi, na harufu yake usiku huwafikia majirani bila malipo. Shambani hukatwa kichwa ungali mchanga, na matawi huinamishwa yasipite kimo cha mchumaji. Hivyo huzeeka umepindapinda kama mgonjwa wa mifupa.

Komoro ilipata uhuru mwaka 1975, na hata leo ni miongoni mwa nchi zitoazo mafuta hayo kwa wingi duniani. Wachumaji wengi ni wanawake. Huingia shambani alfajiri, kwa kuwa jua likipanda harufu hupungua, na maua hayana budi kufika katika mtungi wa kupikia siku ile ile. Hulipwa kwa uzito wa maua. Na ili kupata kilo moja ya mafuta, huhitajiwa kilo 50 za maua au karibu yake.