Historia ya Sikwensa na Njia ya Kuitafutia Kasoro

Neno sikwensa ni geni katika Kiswahili, lakini jambo lenyewe si geni. Ni chombo kinachoshika mfululizo wa sauti na kuurudia hatua kwa hatua, bila kuchoka, mpaka mwenyewe akizime. Katika makala haya nimekusudia kueleza habari za sikwensa za zamani, zilizofanya kazi kwa umeme uliopimwa kwa volti kabla ya kompyuta kuishika kazi hiyo, na jinsi fundi anavyoitafuta kasoro yake. Historia na ufundi kwa kawaida huandikwa mbalimbali. Dai langu ni kwamba katika jambo hili hayatengani: sikwensa ni vyombo vinne vya asili tofauti vilivyofungwa katika sanduku moja, na ajuaye kila kimoja kilitoka wapi ndiye ajuaye pa kuanzia anapokiuguza.

Tuanze na asili. Katika karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad waitwao Banu Musa waliandika habari za chombo kinachopiga filimbi chenyewe. Ndani yake mlikuwa na pipa linalozunguka, na juu ya pipa pini zilizopangwa kwa utaratibu wa wimbo. Wazo hilo liliishi miaka mingi. Mwaka 1796 Antoine Favre wa Geneva alitengeneza sanduku dogo la muziki lenye meno ya chuma yaliyokwanyuliwa na pini. Katika vyombo hivi kasoro huonekana kwa macho: pini ikivunjika, sauti ile ile hukosekana katika kila mzunguko. Msomaji aikumbuke dalili hiyo, kwa maana tutakutana nayo tena.

Hatua ya pili ilitokana na simu. Raymond Scott, Mmarekani aliyekuwa mwanamuziki na mvumbuzi pia, alijenga mtambo uliojaa relei, yaani swichi zinazofunguliwa na kufungwa na sumaku ya umeme, za namna iliyotumika katika vituo vya kuunganishia simu. Relei moja ilipomaliza kazi iliiamsha ya pili, na ya pili ikaiamsha ya tatu. Hivyo mtambo ulihesabu. Robert Moog, alipokuwa kijana katika miaka ya 1950, alikwenda pamoja na baba yake kuuona.

Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ndiyo iliyoupunguza ukuta huo wa relei ukawa sanduku la kuwekwa mezani. Watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender, wa San Francisco Tape Music Center, walimwomba Don Buchla awatengenezee vyombo vipya katika miaka ya mwanzo ya 1960, na miongoni mwake mlikuwa na sikwensa za hatua 8 na za hatua 16. Moog naye akatoa chombo alichokiita 960, chenye safu 8 na mistari 3, yaani vishikio 24 vya kuzungusha kwa mkono. Mwaka 1978 Korg wa Japani walitoa SQ-10 yenye hatua 12. Lakini wakati huo zamu ilikuwa imekwisha kugeuka: Roland walikuwa wametoa MC-8, iliyotumia kompyuta ndogo, mwaka 1977; na mwaka 1983 mapatano ya MIDI yaliviwezesha vyombo vya makampuni mbalimbali kusemezana kwa tarakimu. Sikwensa za volti zikaachwa kwa wachache wazipendao.

Basi sehemu nne ni hizi. Ya kwanza ni umeme unaolisha chombo. Ya pili ni saa, itoayo mapigo mahali pa mkono uliokuwa ukizungusha pipa. Ya tatu ni hesabu, iliyorithi kazi ya relei za simu. Ya nne ni vishikio, vilivyorithi kazi ya pini za Banu Musa. Ila pini husema ndiyo au siyo tu, na kishikio husema kiasi. Katika vyombo vya Moog volti moja ni oktava nzima, na nusu-sauti moja ni kama volti 0.083. Kwa hiyo kosa la volti 0.01 lazidi sehemu ya kumi ya nusu-sauti, na sikio lililozoea hulitambua.

Sasa chombo kimeugua. Fundi huanza na umeme, maana chombo chenye njaa huonyesha dalili za maradhi yote. Kwanza hukitenga na umeme wa ukutani, akangoja kapasita kubwa zimalize umeme uliosalia, kwani zaweza kumpiga mtu hata chombo kikiwa kimezimwa. Kisha hutazama fyuzi. Baada ya hayo ndipo huwasha tena na kupima volti kwa uangalifu. Kapasita za zamani hukauka ndani. Umeme ukakosa utulivu, sauti ikavuma, hesabu ikaruka hatua bila sababu.

Umeme ukiwa sawa na taa zimeganda mahali pamoja, swali ni moja: saa haipigi, au hesabu haisikii? Jibu hupatikana kwa kubonyeza swichi ya kusogeza hatua kwa mkono. Taa ikisogea, hesabu ni nzima, na mgonjwa ni saa. Isiposogea, fundi huigeukia hesabu. Ikiwa taa huenda mpaka hatua ya tano kisha ikagoma, kasoro hutafutwa baina ya hatua ya tano na ya sita, wala si kwingineko. Hata hapo hutazamwa swichi kwanza, kwa kuwa katika Moog 960 kila hatua ina swichi ya kuirusha au kuisimamisha, na chombo kizima chaweza kushtakiwa kwa swichi moja iliyosahauliwa.

Hatua zote zikipita lakini wimbo ni mbaya, fundi huuliza: ni hatua moja au ni zote? Ikiwa ni moja, nayo hurudia kosa lile lile katika kila mzunguko, hii ni pini iliyovunjika ya sanduku la Geneva. Kasoro iko katika kishikio cha hatua hiyo au waya wake. Ikiwa zote zimepotoka kwa pamoja, kasoro iko mbele, zinakokutana. Tena asikilaumu chombo kabla hajakijaribu kile kitoacho sauti: akipe volti moja isiyobadilika, asikilize. Sauti ikipanda au kushuka yenyewe, sikwensa haina hatia. Jambo hili lilitokea katika sahani maarufu. Kundi la Tangerine Dream la Ujerumani lilipotoa Phaedra mwaka 1974, vyombo vilipokuwa vikipata joto sauti zilihama polepole, na kuhama huko kumo katika sahani mpaka leo. Fundi angekuita kasoro. Mwanahistoria hana budi kukuhifadhi.

Mtu atauliza: haya yatuhusu nini sisi wa Mpuguso? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, Rungwe ni nchi ya mvua nyingi. Unyevu huota kutu katika swichi, na uchafu hujikusanya ndani ya vishikio. Chombo cha namna hii kikiletwa hapa, ugonjwa wake wa kwanza yamkini utakuwa mikwaruzo kila kishikio kinapozungushwa. Pili, mikwaruzo hiyo fundi redio wa Tukuyu anaijua tangu zamani, kwani ndiyo ile ile ya kishikio cha kuongeza sauti. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio zimeharibika na kutengenezwa nchini mwetu, na mafundi wamelehemu, wamesafisha, wamebadili kapasita. Elimu ya kuiuguza sikwensa tunayo tayari mitaani, ila haijaandikwa.

Hapo ndipo penye hatari. Chombo kinapotupwa, kapasita nyingine hununuliwa. Lakini fundi mzee anapofariki, utaratibu wake wa kuuliza, umeme kwanza, saa ya pili, moja au zote, huzikwa pamoja naye. Tena fundi mwenye haraka hubadili kila kitu kwa mara moja. Chombo hulia, lakini hakuna ajuaye kilichokuwa kikiugua, na ushahidi umo katika takataka. Afadhali kubadili kimoja, kujaribu, na kuandika. Wanafunzi wa lugha yetu wanaotafuta jambo la kuchunguza wasiende mbali: wakae katika kibanda cha fundi na kalamu, waandike maneno yake jinsi anavyoyasema. Mali bila daftari hupotea bila habari.