Shule ya Matofali: Historia ya Kuwafundisha Ujenzi Vijana Walioachwa na Shule mjini Lubumbashi

Wazazi wa Lubumbashi wana sentensi moja wanayoisema mara nyingi: mtoto huyu masomo yamemshinda, afadhali aende akajifunze umasoni. Sentensi ni fupi, lakini imebeba historia ndefu. Ndani yake ujenzi si kazi iliyochaguliwa. Ni mahali anapoangukia yule aliyeshindwa pengine. Makala haya yanajaribu kueleza fikira hiyo ilitoka wapi, katika mji ambao karibu wote umesimama juu ya matofali, na kuonyesha kwamba lugha ya kufundishia ina sehemu kubwa katika jambo hili kuliko inavyodhaniwa kwa kawaida.

Kwanza neno lenyewe. Vitabu vya Kiswahili sanifu humwita mtu huyu mwashi, na kazi yake uashi. Mjini kwetu anaitwa masoni, kutoka Kifaransa, na ni wachache nje ya Chuo Kikuu wanaolijua lile neno la pwani. Tutayatumia yote mawili, kila moja mahali pake.

Mji uliitwa Elisabethville ulipoanzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imekwisha kuundwa tangu 1906, nayo ilihitaji tanuri, maghala, nyumba za wakubwa na kambi za wafanyakazi. Udongo haukuwa shida. Vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyoota katika misitu ya miombo vina udongo mzuri wa kufyatulia matofali, na hadi leo kichuguu kilichomo katika kiwanja ni mali: mwenye kiwanja hukichimba, hufyatua, huchoma, na kuanza kuinua kuta. Kilichokosekana kilikuwa mikono iliyofundishwa. Baadhi ya mafundi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambako misheni zilikuwa zimetangulia kufundisha kazi za mikono.

Hapo ndipo walipoingia mapadri Wasalesiani. Walifika Elisabethville mwaka 1911 wakiongozwa na Padri Joseph Sak, kwa ombi la serikali ya Ubelgiji, na mwaka 1912 walikuwa na kazi mbili mikononi: shule ya watoto wa Wazungu, na shule ya ufundi kwa vijana Waafrika. Shule hiyo ya ufundi ilihamishiwa Kafubu, nje ya mji, katika miaka ya 1920. Ni vema kukumbuka shirika hilo lilianzaje. Mapokeo yake yanasimulia kwamba kijana wa kwanza aliyepokelewa na Don Bosco mjini Turin, tarehe 8 Desemba 1841, alikuwa Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16 kutoka Asti, mwashi asiyejua kusoma. Miaka kumi baadaye Don Bosco alikuwa akiandikiana mikataba na mabwana wa karakana: kijana afundishwe kazi yake, asitumwe kazi nyingine, asipigwe. Kwa hiyo wazo la kumfundisha ufundi kijana ambaye shule haikumpata lilikuwa ndani ya shirika hilo kabla halijaiona Afrika.

Lakini wazo jema likipandwa katika udongo mwingine huzaa tunda jingine. Vijana wa Turin walikuwa maskini katika nchi yao, na mtoto wa mwashi, akibahatika, aliweza kuwa mwanasheria. Elisabethville haikuwa hivyo. Kanuni za elimu zilizotolewa mwaka 1929 ziliweka daraja mbili za shule ya msingi, miaka miwili na kisha miaka mitatu, na baada yake shule maalumu za aina tatu: za makarani, za walimu na za mafundi. Mbele ya hapo palikuwa na ukuta, isipokuwa kwa mwenye kwenda seminari. Ufundi haukuwa njia ya pili kwa aliyekosa njia ya kwanza. Ulikuwa sehemu ya mwisho wa njia zote. Na kati ya milango ile mitatu watu waliona upesi kwamba wa karani ulielekea kivulini, karibu na Mzungu na karatasi zake, na wa fundi ulielekea juani. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo mwiko ulipoanza kushuka bei mbele ya kalamu. Wala tusimlaumu mzazi aliyefikiri hivyo, kwa kuwa alihesabu vizuri.

Hata hivyo historia haikuwa ya dharau tupu. Kwa amri ya 1931 serikali iliunda vile vilivyoitwa vituo nje ya mila, na mtaa wa Waafrika wa Elisabethville, ambao kiini chake kilikuwa Kamalondo, ukawekwa chini ya utaratibu huo mwaka uliofuata. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walizidi nyumba. Kamishna wa wilaya, Ferdinand Grévisse, alianzisha utaratibu ambao wazee bado wanaujua kwa jina lake: mwenyeji alipewa kiwanja na mkopo wa vifaa, akajenga nyumba yake mwenyewe au kwa kumlipa masoni, chini ya macho ya wasimamizi wa kituo. Katuba ilikua kwa njia hiyo. Ukipita leo katika barabara zake za zamani utaona kuta za matofali ya kuchoma zilizosimama wima baada ya miaka sabini, pembe zake zingali kali. Zilijengwa na watu wenye shule ya miaka miwili au mitano. Katika mitaa hiyo masoni alikuwa mtu wa heshima, maana kila jirani alimhitaji.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, wenye shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakuzidi 30. Vyeo vilivyoachwa na Wabelgiji vilikuwa maelfu. Katika miaka ile diploma iliweza kumtoa mtu darasani na kumkalisha katika kiti cha mkurugenzi, na kila mzazi aliliona jambo hilo kwa macho yake. Nani angemwambia mwanawe ashike mwiko? Serikali haikusahau ufundi: INPP, yaani taasisi ya taifa ya matayarisho ya kazi, iliundwa mwaka 1964, na Wasalesiani walianzisha Cité des Jeunes mjini Lubumbashi kwa ajili ya vijana. Lakini mvuto ulikuwa upande mwingine. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, iliwatunza watoto wa wafanyakazi wake kwa shule, hospitali na mgao wa unga, na ahadi ya mji ilikuwa moja: soma, upate diploma, uingie kampuni.

Ahadi hiyo ilivunjika mbele ya macho yetu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1994 hata tani 50,000 hazikufika. Katikati ya tarehe hizo mgodi wa Kamoto uliporomoka, Septemba 1990, na mji uliporwa, Oktoba 1991. Mishahara ya walimu wa serikali ikawa kama haipo, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliowalipa walimu ili madarasa yasifungwe. Asiyelipa alirudishwa nyumbani. Ndiyo maana tunapendelea kusema vijana walioachwa na shule badala ya vijana walioacha shule, maana wengi wao hawakuamka asubuhi moja na kuamua kutoka. Walitolewa nje ya mstari, mbele ya wenzao, kwa sababu ya deni. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa katika Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kupita.

Katika miaka hiyo Wasalesiani walifungua mjini nyumba za kuwapokea watoto wa barabarani, wakazipa jina la Bakanja. Jina hilo lina maana kwa somo letu. Isidore Bakanja, aliyetangazwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994, alikufa mwaka 1909 kwa majeraha ya viboko alivyopigwa kwa amri ya msimamizi Mzungu wa shamba. Kabla ya hapo alikuwa kibarua wa waashi wa serikali katika jimbo la Equateur. Kwa hiyo msaidizi wa mwashi ndiye aliyewekwa mbele ya watoto hao awe mfano wao, kama vile mwashi alivyokuwa wa kwanza huko Turin.

Lakini walimu wengi zaidi wa vijana hao hawakuwa padri wala serikali, bali masoni wa mtaani. Baada ya Sheria ya Migodi ya 2002 fedha zilirudi mjini, na mitaa mipya ikatambaa kila upande: Golf, Kasapa, Kalebuka. Kila kiwanja kilikuwa darasa. Utaratibu wa darasa hilo unajulikana na kila aliyewahi kujenga. Kijana huanza kwa kuchota maji, kuchekecha mchanga na kukoroga sima, ambalo ndilo jina la saruji kwetu. Kisha hupewa kupanga matofali ya katikati ya ukuta, kamba ikiwa imekwisha kuvutwa. Pembe haziguswi na mwanagenzi. Bwana huziinua mwenyewe, kwa sababu pembe ikipinda ukuta wote umepinda. Siku kijana anapoambiwa, bila sherehe yoyote, inua pembe ile, anajua amefuzu.

Na lugha ya darasa hilo ni Kiswahili, tangu tofali la kwanza hadi bati la mwisho. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameonyesha jinsi ukoloni ulivyokitwaa Kiswahili huku Katanga kuwa lugha ya kazi na ya amri. Ni kweli, lakini kwenye kiwanja cha ujenzi lugha hiyo ya amri imegeuka lugha ya maelezo. Bwana hasemi tu leta, weka. Hueleza kwa nini tofali liloweshwe kabla ya kujengwa (kavu hunywa maji ya sima, nayo haishiki), na kwa nini ukuta usipandishwe mrefu mno kwa siku moja. Hiyo ni elimu, ingawa hakuna aliyeiandika. Watumishi wa nyumbani wa mji huu walimpata André Yav, ambaye mwaka 1965 aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chao. Masoni hawakupata mwandishi wa namna hiyo.

Mwaka mmoja kituo kimoja cha mafunzo kiliniomba nisaidie kusahihisha mtihani wa maandishi wa vijana wa ujenzi. Swali moja liliwataka waeleze, kwa Kifaransa, nini maana ya «appareil» katika ukuta. Katika lugha ya wajenzi neno hilo ni mpango wa kupishanisha matofali ili viungo visifuatane. Katika Kifaransa cha mtaani ni chombo, aghalabu simu. Kijana mmoja alijibu kwamba ukutani hakuna «appareil», isipokuwa fundi wa umeme akiiweka baadaye. Alipata sifuri. Nyuma ya jengo lile lile kulikuwa na ukuta wa mazoezi alioujenga wiki iliyotangulia, matofali ya urefu na ya kichwa yakipishana bila kosa hata moja. Nilimwomba anieleze alivyofanya. Alinieleza kwa Kiswahili kwa muda wa dakika kumi, nami nikaona aibu ya ile sifuri, ambayo niliiandika kwa mkono wangu. Hakupewa cheti mwaka ule.

Jambo hilo linatuuma zaidi sisi watu wa isimu kwa sababu mji huu ndio ulioandaa kongamano la kwanza la taifa la wanaisimu wa Zaire, Mei 1974, lililopendekeza lugha zetu zitumike shuleni. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Mapendekezo na sheria vilitazama hasa darasa la kwanza na la pili. Hakuna aliyefikiria kijana wa miaka 17 mwenye mwiko mkononi, anayetakiwa kutafsiri kichwani mwake ujuzi alio nao tayari ili apewe karatasi.

Tumeanza kukusanya maneno ya viwanja. Kazi si rahisi kama tulivyodhani. Pwani wana timazi kwa kamba yenye uzito ya kupimia wima, na pima maji kwa kile ambacho masoni wetu huita nivo. Mwenzangu mmoja wa idara angependa tuyafundishe maneno hayo ya pwani vituoni, ili vijana waelewane na wenzao wa Tanzania. Mimi sikubali. Kijana aliyekwisha kunyang'anywa lugha yake mara moja kwa Kifaransa hapaswi kunyang'anywa mara ya pili kwa usanifu. Nivo ibaki nivo, na timazi iwekwe kando yake katika daftari, kwa atakayeihitaji. Nilimsomea neno hilo masoni mmoja mzee wa Katuba. Alilirudia mara mbili, akatazama kamba yake ikining'inia, akauliza kama huko pwani nao wanaloweka matofali.