Deni la Elimu ya Juu Tanzania

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Serikali iliwalipia wanafunzi ada, chakula na malazi, kwa kuwa nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika. Hata hivyo elimu hiyo ilihesabiwa kuwa deni kwa wananchi. Kilichobishaniwa ni namna ya kulilipa.

Kwanza ilitakiwa nguvu kazi. Mwaka 1966 serikali iliwataka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, na kwa sehemu kubwa ya muda wa utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana. Rais Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Upunguzaji huo ndio ulioupa uamuzi wake uzito, maana aliyedai wengine wajinyime alianza kujinyima yeye.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, mzigo wa gharama ukaanza kuhamia kwa familia. Sera ya kuchangia gharama ilianza kutekelezwa mwaka wa masomo 1992/93: kwanza nauli na ada za usajili, baadaye chakula na malazi, ambavyo serikali ilivikopesha bila kuwa na utaratibu madhubuti wa kudai.

Pengo hilo lilizaa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mwombaji yatima huambatisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mtoto wa mkulima ambaye wazazi wake wote wako hai mara nyingi hana cheti kinachothibitisha umaskini, na hapo ndipo haki hupotea kwa urahisi zaidi, kwani bila mkopo hakuna ada wala bumu, yaani posho ya kujikimu.

Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa na makato ya kurejesha mkopo yakapanda hadi asilimia 15 ya mshahara, yakiwagusa hata waliokuwa wamesaini mikataba ya asilimia 8. Malalamiko yalikuwa ya haki: masharti yalibadilika baada ya fedha kutumika. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni la wengi likue huku wakiendelea kulipa. Asilimia 15 ilibaki, kiwango kilekile kwa mwalimu anayeanza kazi na kwa mkurugenzi.