Marshall 1962: Amplifaya ya Vali

Namba 1962 ni ya toleo, si mwaka. Amplifaya za aina hii ziliundwa London katikati ya miaka ya 1960 na kampuni ya Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell. Zunguka nyuma: vali mbili kubwa za kioo husukuma spika mbili za inchi 12. Sauti ikifunguliwa hadi juu, vali huzidiwa. Noti ya gitaa la solo hukwaruza kidogo, kisha haikatiki upesi. Ndivyo mpiga gitaa Eric Clapton alivyorekodi na mwanamuziki John Mayall mwaka 1966, kwa sauti kubwa iliyowahangaisha mafundi wa studio. Nguvu ya amplifaya hii haifiki wati 50, lakini kwa solo inatosha kabisa. Tafadhali usiguse.