Mtoto aliyemeza tumbaku: hatua za dharura

Mtoto anayetambaa huijua dunia kwa mdomo wake. Kipisi cha sigara kilichoanguka sakafuni, ugoro uliosahaulika mkekani au kichupa cha maji ya sigara ya kielektroniki, vyote kwake ni vitu vya kuonja. Hatari iliyomo ni nikotini, sumu inayoathiri neva, moyo na pumzi.

Sigara moja huwa na takriban miligramu 10 hadi 15 za nikotini. Mvutaji huingiza mwilini miligramu 1 au 2 tu, kwani sehemu kubwa huteketea au hupotea na moshi. Lakini mtoto wa mwaka mmoja, mwenye uzito wa kilo 10 hivi, anapoitafuna sigara hiyo huwa ameweka nikotini yote mdomoni.

Dalili

Dalili huanza mara nyingi katika saa ya kwanza: kutapika, kutokwa na mate na jasho, kupauka, kuhangaika na moyo kwenda mbio. Watoto wengi hutapika mapema, sehemu ya sumu ikatoka, nao hupona.

Sumu ikizidi, hali hugeuka. Mtoto aliyekuwa akihangaika hulegea na kusinzia, mapigo ya moyo hupungua, na degedege au kushindwa kupumua huweza kufuata. Utulivu wa aina hiyo usidhaniwe kuwa ni nafuu.

La kufanya

Mabaki yatolewe mdomoni kwa kidole au kitambaa chenye maji. Maji ya nikotini yakimwagikia ngozi, nguo zivuliwe na mwili uoshwe mara moja, kwani sumu hiyo hupenya ngozini.

Mtoto asitapishwe kwa kidole, wala asinyweshwe maji ya chumvi au mafuta. Akipoteza fahamu au akipatwa na degedege, alazwe kwa ubavu na asipewe chochote mdomoni.

Apelekwe hospitali bila kungoja dalili, pamoja na pakiti au kichupa chenyewe, ili daktari akadirie kiasi kilichomezwa. Nchini Uingereza gari la wagonjwa huitwa kwa 999. Marekani, kituo cha sumu hupatikana kwa 1-800-222-1222.

Nikotini haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Madaktari husaidia pumzi, hutuliza degedege na huchunguza moyo hadi sumu iishe.

Kinga

Mwaka 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York baada ya kumeza nikotini ya maji. Mwaka 2016 sheria ya Marekani ililazimisha vichupa hivyo viwe na vifuniko vigumu kwa mtoto kufungua.

Ugoro na tumbaku ya tambuu, hata hivyo, mara nyingi hufungwa katika karatasi au mfuko wa plastiki tu. Kinga yake ni rafu ya juu au kabati lenye kufuli, na kibia cha majivu kinachomwagwa kila mara.